Miongozo ya NFL kwenye magazeti ya Uingereza: nimeisoma, hii ndio riviu yangu

Kila ikifika mwishoni mwa mwezi wa tisa, magazeti ya huku Uingereza yanaanza kutoa kurasa za kumfundisha msomaji futiboli ya Kimarekani, kwa sababu Oktoba ndio NFL, ile ligi kuu ya mchezo huo Marekani, wanaleta mechi zao London, na mhariri anajua fika wasomaji wake wengi wanajua Arsenal, wanajua raga, wanajua kriketi, ila ile ya helmeti wanaiona vurugu tu. Nimekuwa nikiisoma hii miongozo, ya karatasi na ya kwenye apu, na kwa vile Wabongo wenzangu huku kila msimu wanauliza "hivi ule mchezo unaendaje?" nikaona niiriviu kabisa kama mtu anavyoriviu simu mpya. Majina ya magazeti nayaacha, nachopima ni aina ya maelezo, maana ukisoma matano utakuta manne yameandikwa kwa mtindo uleule.

Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: mingi ni ya kujaza ukurasa. Inakufundisha majina, haikufundishi mchezo. Ila kuna michache ambayo ni kazi safi, na hiyo ndio imenifanya niandike.

Nianze na kile kiboksi cha maneno, maana ndio kimezoeleka kuliko vyote. Kinakaa pembeni ya ukurasa, rangi ya kijivu hivi, ndani mistari mistari: kwotabeki ndio huyu anayeongoza shambulizi na kupiga pasi, tachidauni (kuuvusha mpira mstari wa mwisho wa mpinzani) pointi sita, fildi goli (kuupiga kwa mguu katikati ya milingoti) pointi tatu, seki ni pale kwotabeki anapoangushwa na mpira wake mkononi, na kadhalika na kadhalika. Unamaliza kusoma umebeba maneno kumi na kitu na bado hujui kwa nini wale watu wamesimama. Maana jamani tuwe wakweli, mtu aliyekulia kwenye mpira wa miguu akiona NFL mara ya kwanza haulizi "yule anaitwaje", anauliza "mbona wamesimama tena?" Kiboksi hakijibu hilo. Na mwaka unaofuata kiboksi kinarudi vilevile, wamebadilisha picha tu. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu kinasaidia ukiwa unaangalia na watoto wanaouliza uliza.

Jibu la "mbona wamesimama" ni sentensi moja, na ingepaswa kuwa ya kwanza kabisa juu ya kila ukurasa: timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, kama mita tisa na kidogo. Wakizipata wanapewa manne mengine, wakishindwa mpira unachukuliwa na wapinzani palepale ulipoishia. Basi, hapo umeshika ufunguo. Ndio maana wakifika jaribio la nne wengi hawathubutu kuendelea, wanaupiga mpira mbali kwa mguu ili mpinzani aanzie kwao kabisa, au kama wapo jirani na milingoti wanapiga fildi goli wachukue pointi zao tatu waondoke. Kila kusimama ni watu wanapanga, wana sekunde 40 za kuanza jaribio jingine, na kila mmoja pale anajua hesabu: jaribio la pili, bado yadi saba. Ukiijua hesabu na wewe, unaanza kuona kwamba pale wanaposimama ndipo akili inapotumika, huyu anadanganya anakimbia kumbe atapiga pasi, yule anajifanya anakuja kumbe anarudi nyuma.

Sasa mwongozo bora niliowahi kuusoma ulikuwa nusu ukurasa tu. Mchoro mmoja wa uwanja umelazwa, mpira umewekwa kwenye yadi ya 25, halafu mwandishi hakuhangaika na maneno, akachukua shambulizi moja akalifuata mpaka mwisho. Jaribio la kwanza wamekimbia nao yadi tatu. La pili pasi imedondoka chini, hakuna kitu, mpira unarudi pale pale. La tatu, bado saba, na hapo mwandishi akasimamisha hadithi akamgeukia msomaji: uwanja mzima unajua sasa itapigwa pasi, wewe ungekuwa beki ungefanya nini, umtume mtu wa ziada akamvamie kwotabeki uache mwanya nyuma, au ubaki nyuma umwachie muda wa kuchagua wa kumpa? Akaonyesha kwa mishale kila uamuzi unazaa nini. Hakuandika "blitzi" mpaka mwisho kabisa, wakati tayari ushaielewa kabla hujalijua jina lake. Huyo nampa nyota tano bila kusita, na kama angekuwa anafundisha hesabu sekondari kule kwetu watoto wengi wangepona.

Halafu kuna miongozo ya raga. Hii ndio ugonjwa wa magazeti ya Kiingereza. Mwandishi anajua msomaji wake anaijua raga, basi anaona ameokoa muda, anasema "ni kama raga yenye helmeti" halafu anaendelea na safari. Shida ni kwamba ukiingia na akili ya raga unapotea vibaya zaidi kuliko aliyeingia bila kitu. Raga pasi inarudi nyuma tu, NFL pasi ya mbele ndio moyo wa mchezo, unaruhusiwa moja kwa kila jaribio na lazima uipigie nyuma ya mstari mlipoanzia. Raga ukimzuia mtu asiye na mpira ni kosa, NFL wale majitu matano wanaosimama mbele ya kwotabeki ajira yao yote ni kuwazuia watu wasio na mpira, mtu anaweza kucheza miaka kumi akastaafu na hela zake bila kuushika mpira mara nyingi za maana. Raga lazima uuguse mpira ardhini ndio upate pointi, NFL ukiuvusha tu mstari ukiwa mkononi mwako inatosha, hata kama mwili wote unaelea hewani. Sasa msomaji ameambiwa ni raga, anaona mtu hajagusisha mpira chini na watu wanashangilia, anadhani refa kalewa.

Na kwetu sisi huo mfano unagonga mwamba mara mbili. Mkenya unaweza kumwambia raga akakuelewa, wana Sevens yao, raga ya watu saba saba, wana mashindano yao ya Safari Sevens, na wana hata mtu wao, Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza ule mchezo kabla, akaja kuingia uwanjani kwenye mechi ya ligi mwaka huohuo. Mtanzania wa Mbagala ukimwambia "ni kama raga" umemwelezea asichokijua kwa kingine asichokijua. Kwa mtu wetu ningeanzia kwenye mpira wa adhabu jirani na boksi: ukuta umepangwa, wapigaji watatu wamesimama, mmoja anapita juu ya mpira hapigi, wote wanajua kuna mpango ila hawajui upi. Mwambie sasa mchezo mzima ni mipira ya adhabu ya namna hiyo, mmoja baada ya mwingine kwa masaa matatu. Anakuelewa papo hapo.

Wenyewe Waingereza walipewa somo la raga na Louis Rees-Zammit. Winga wa Wales, kijana ana mbio kweli kweli, Januari 2024 akaacha raga siku ileile kikosi cha Six Nations, yale mashindano ya raga ya mataifa sita ya Ulaya, kinatangazwa, akaenda kujaribu NFL. Magazeti yalichanganyikiwa, wiki nzima kurasa za kulinganisha raga na NFL, yadi kwa mita, kasi yake dhidi ya kasi za Wamarekani. Kansas City Chiefs wakamchukua, wakamwacha kabla msimu haujaanza, akaenda Jacksonville Jaguars kwenye kikosi cha mazoezi, mechi rasmi ya msimu hakucheza hata moja, na 2025 akarudi zake kwenye raga. Pale ndio ungetegemea watu waandike vizuri kwa nini michezo miwili inayofanana kwa mbali haifanani kwa karibu, na kweli makala bora za tofauti kati ya michezo hii nimezisoma wakati anarudi, sio wakati anaenda. Wakati anaenda ilikuwa shangwe tu.

Sasa mtihani wenyewe. Mwongozo wowote mimi naupima kwa mechi halisi, na mechi niliyoitumia ni ya Oktoba 12, 2025 pale Tottenham, Denver Broncos na New York Jets, imeisha 13 kwa 11. Chukua mtu aliyesoma kiboksi: tachidauni sita, nyongeza (ile shuti ya mguu baada ya tachidauni) moja, fildi goli tatu. Kumi na tatu ataipata, tachidauni moja na nyongeza yake ni saba, fildi goli mbili ni sita. Kumi na moja je? Hapo kiboksi kimekufa. Jets hawakupata tachidauni hata moja siku hiyo, walipata fildi goli tatu ambazo ni tisa, halafu mbili za juu zilitoka kwenye kitu kinaitwa sefti. Broncos walikuwa na mpira ndani kabisa ya eneo lao la mwisho, nyuma ya mstari wanaoulinda, mtu wao akamshika mpinzani kinyume cha sheria mlemle ndani, na sheria inasema kosa la namna hiyo ukilifanya humo, wenzako wanapewa pointi mbili na juu yake unawapigia mpira tena wao. Ni adhabu ya kikatili ukiifikiria, na jioni ile iliwapa Jets uongozi wa 11 kwa 10 kabla Broncos hawajapiga fildi goli ya ushindi. Kati ya miongozo niliyokuwa nayo wiki ile, mingi iliitaja sefti kwa mstari mmoja mwishoni kabisa, "ni nadra", na mingine haikuitaja. Sasa nadra ndio imetokea na kibanda umiza kizima cha Waingereza kinaangaliana.

Mechi hiyohiyo ilikuwa na kioja kingine, Jets walimaliza wakiwa na yadi 10 hasi za pasi. Hasi! Kwotabeki wao Justin Fields aliangushwa mara 9, na kila akiangushwa nyuma ya mstari zile yadi zinakatwa kwenye hesabu ya pasi ya timu, sasa kakatwa mpaka akaunti imeingia kwenye deni. Kesho yake gazeti moja lilichora mstari wa uwanja na kuonyesha kila alipoangushwa ni umbali gani nyuma, mchoro mdogo tu wa ukubwa wa kiganja, na mimi naona ule mchoro umefundisha watu mchezo kuliko kurasa zote za kabla ya mechi. Sijui kwa nini wahariri wanadhani kufundisha ni kazi ya Jumamosi tu. Baada ya mechi ndio mtu ana maswali.

Kwa sababu hiyo kitu ninachokipa alama za juu kuliko ukurasa wowote wa karatasi ni zile taarifa za moja kwa moja za dakika kwa dakika kwenye tovuti za magazeti, pale mwandishi anaandika mechi ikiendelea na wasomaji wanamtumia maswali. Mtu anauliza "kwa nini wamepiga mpira mbali wakati wamebakiza yadi moja tu?" na mwandishi anajibu hapohapo na mfano uko mbele ya macho yako. Kuna utani mwingi wa Kiingereza ambao mgeni utakupita, na wakati mwingine mwandishi anaanza kuongelea chai na biskuti kama vile hayuko kazini, lakini unajifunza. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya matangazo yanayoruka ruka kwenye simu mpaka unakosea kubonyeza.

Tukiongelea matangazo, hapa miongozo yote inakaa kimya na mimi naona ni uoga. Mechi ina dakika 60, kwota nne za dakika 15, lakini inakula masaa matatu na ushee. Gazeti la Wall Street Journal la Marekani liliwahi kukaa na saa mwaka 2010 likapima muda ambao mpira uko kwenye mchezo kweli, ikatoka kama dakika 11. Kumi na moja! Muda mwingine ni kupanga, marudio, na biashara. Ukiwa uwanjani utaona wachezaji wamesimama tu, hakuna aliyeumia, hakuna anayepanga, na pembeni ya mstari kuna mtu wa televisheni ambaye ndio anatoa ishara kwamba tangazo limeisha sasa chezeni. Mwambieni msomaji hivyo, atawaelewa, sio kumwambia "mchezo una mapumziko ya kimkakati". Vilevile suala la vichwa kuumia, wachezaji wa zamani walikwenda mahakamani na ligi ikakubali kulipa, makubaliano yakaidhinishwa 2015, lakini kwenye miongozo ya Oktoba huoni hata aya moja. Ile sio elimu, ile ni brosha.

Kitu kingine kidogo cha kuchekesha ni vipimo. Waingereza wanapima watu kwa stoni, stoni moja ni kilo sita na ushee, sasa mwongozo unakupa uwanja kwa yadi, mchezaji kwa stoni, mbio kwa sekunde za yadi 40, na tiketi kwa pauni. Sisi tuliozoea kilo na mita inabidi tukae na kikokotoo. Hii tabia ni ya zamani, 1986 Chicago Bears walipokuja Wembley kucheza na Dallas Cowboys, gumzo kubwa la magazeti lilikuwa William Perry, yule waliyemwita Friji, kwa sababu ya unene wake. Televisheni ya Channel 4 walikuwa wameshaanza kuuonyesha mchezo tangu 1982, kwa hiyo kulikuwa na vijana wanaujua, lakini kwa msomaji wa kawaida somo lilikuwa ni kwamba kuna jamaa mnene. Bears walishinda 17 kwa 6.

Somo lililowaingia Waingereza wote, hata wasiosoma michezo, lilikuja 2007. Oktoba 28 New York Giants walicheza na Miami Dolphins Wembley, mvua, matope, 13 kwa 10, mechi mbovu kwa kila mtu. Nyasi zikachanika. Wiki tatu baadaye England wanacheza na Croatia kwenye uwanja uleule, wanahitaji sare tu kwenda Euro 2008, wakapigwa 3 kwa 2, na picha ya kocha Steve McClaren na mwamvuli wake mnaikumbuka. Sisemi nyasi ndio zilifungisha, Croatia walikuwa na mpira mzuri, lakini magazeti yalipata mtu wa kumlaumu kutoka ng'ambo ya bahari na wakamlaumu. Ndio maana uwanja mpya wa Tottenham, uliofunguliwa 2019, ulijengwa na nyasi halisi zinazogawanyika vipande vitatu zinateleza kwenda kuhifadhiwa, chini yake kuna kapeti ya bandia ya NFL. Hiyo nayo kila mwongozo unaielezea kwa mapenzi makubwa, michoro ya kila aina. Wanaeleza kapeti vizuri kuliko mchezo unaochezwa juu yake.

Kabla hamjasema nawaonea Waingereza, Wamarekani nao walipopewa Kombe la Dunia 1994 walikuwa na miongozo yao ya kueleza kuotea kwa watu wao, na ligi yao ya mpira wa miguu ilipoanza 1996 wakaweka saa inayohesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, na sare zikaamuliwa kwa mchezaji kukimbia na mpira kutoka yadi 35 akabiliane na kipa. Badala ya kumweleza mtu mchezo wakabadilisha mchezo. Baada ya msimu wa 1999 wakaachana nayo.

Kuna aina moja ya makala sijaitaja nayo ni ya mtu mmoja mmoja. Mara nyingi inakuwa ya Osi Umenyiora, kazaliwa London, wazazi Wanigeria, akashinda Super Bowl, fainali ya NFL, mara mbili na Giants, na alikuwepo kwenye yale matope ya Wembley. Baadaye alikuwa BBC na Jason Bell wanauchambua mchezo, na wale wawili walikuwa na kipaji kimoja ambacho magazeti hayajakiiga: walikuwa wanasimama studio wanakuonyesha kwa miguu yao. Weka mguu hapa, bega hapa, sasa unaona kwa nini amempita. Siku hizi Umenyiora anaongoza kazi ya NFL kule Afrika, walianzia Ghana 2022 na kambi ikafika Nairobi 2023. Makala hizi nazipa tatu, zinasomeka vizuri, ila ukimaliza unamjua mtu na mchezo bado.

Kwa hiyo kama unataka kununua gazeti kwa ajili hii, usinunue la Jumamosi kabla ya mechi, nunua la kesho yake. Mechi za London nyingi zinaanza saa nane na nusu mchana, kwa Bongo ni saa kumi na nusu jioni, fungua zile taarifa za moja kwa moja uangalie huku unasoma. Na wahariri wetu wa nyumbani, mkitaka kuanza kutoa miongozo yenu msianze na hii ya helmeti kabisa, anzeni na ile ya vitambaa inayoingia Olimpiki ya Los Angeles 2028: watu watano kila upande, hakuna kuangushana, mwenye mpira akichomolewa kitambaa kiunoni jaribio limeisha. Watoto wanaweza kuucheza kwenye kiwanja cha shule hata cha mchanga, na hata ukurasa wenyewe utaandikika kwa mchoro mmoja.